Mke Mwenza wa Chini ya Gunia

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi. Ukungu umeikalia Gatongora tangu jana na hauna nia ya kuondoka. Chuo bado kimefungwa. Niko kwa Cucu, nyanya yangu, pamoja na vitabu vyangu. Na Kahiga.

Kahiga ni binamu yangu. Alipewa jina la Guka, babu yetu marehemu, kwa hivyo hapa nyumbani yeye ndiye Guka. Anakalia kiti chake. Anavaa koti lake. Cucu humwita "mume wangu" na kumpa kikombe cha kwanza. Mimi nilipewa jina la Cucu, Njambi, kwa hivyo mimi ni Cucu. Faida yake siioni. Asubuhi nilinyoosha mkono nichukue kiazi kitamu cha pili. Cucu akasema, "Mimi nimeshiba." Alikuwa akisema juu yangu. Sahani ikaenda kwa mumewe.

Lakini habari ya leo si viazi. Cucu ametangaza kwamba amechoka kuitazama pikipiki ya Guka. Imelala bandani chini ya gunia miaka minne, tangu Guka afariki. Ni ya Kiingereza, nyeusi, nzee kuliko mama yangu. Aliachiwa na mzungu wa shamba la kahawa. Cucu hajawahi kuiita pikipiki. Huiita mke mwenza, kwa sababu kila Jumamosi Guka aliipaka mafuta, na yeye hakupakwa hata mara moja.

Uamuzi wake ni huu. Jumapili baada ya kanisa, atakayeiwasha na kuifikisha langoni ikinguruma, ni yake. Ikishindikana, Zaid, mwenye duka la vipuri huko Thika, ataibeba aende kuivunja vipande.

Vipande! Mimi nilipelekwa shule nimekaa juu ya tangi lile. Siku Guka anafariki nilikuwa ndani ya chumba cha mtihani, nikijibu swali la hiari. Wote walimsikia akiaga. Mimi sina hata neno moja. Nataka ile sauti tu: kikohozi, kikohozi, kimya, halafu ngurumo. Hili sijamwambia mtu. Nimesema nataka usafiri wa kwenda chuoni Juja.

Nikaanza papo hapo. Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Haikupumua hata. Mwishowe pedali ikarudi kwa hasira na kunigonga muundi. Nachechemea. Kahiga akasema ndivyo wake wenza wanavyosalimiana.

Jumanne, 9 Julai

Mpango umepatikana. Ni mzuri mno, na sina mtu wa kumsimulia.

Pikipiki haiwaki bila plagi. Nikiiondoa plagi, Kahiga atapiga kiki mpaka Jumapili bila kupata kitu. Atakata tamaa mbele ya wote. Kisha mimi nitairudisha kimya kimya, nitapiga kiki, na kila mtu atasema elimu si mchezo.

Nikaitoa kwa spana ya Guka mwenyewe. Tundu lililobaki nikaliziba kwa kitambaa cha bluu, nikakipiga fundo la kamba ambalo ni mimi tu ninayelijua. Plagi nimeifunga kwenye leso, iko chini ya mto wangu.

Mchana nilikaa dirishani na kitabu, sikusoma hata ukurasa. Kahiga alipiga kiki mpaka akavua shati, kwa baridi hii. Hakuangalia plagi. Hakuangalia chochote. Alipochoka alilipangusa tangi na kuisemesha pikipiki kwa sauti ndogo, kama mtu anayebembeleza ng'ombe. Nikamhurumia. Huruma hiyo iliisha alipokula andazi langu.

Jumatano, 10 Julai

Sipendi kuandika hili.

Alfajiri nilikwenda bandani kuhakikisha kwamba mtego wangu uko sawa. Ukungu ulikuwa umeingia ndani, umekaa chini kama maji. Nikaweka kiganja juu ya injini. Chuma cha Julai huuma. Hiki hakikuuma. Kilikuwa vuguvugu, kama kikombe ambacho mtu amekunywa na kukiweka chini sasa hivi.

Fundo langu lilikuwa palepale. Kitambaa kilikuwa palepale.

Nikarudi jikoni. Cucu alikuwa akichochea moto. Hakugeuka. Akauliza ni nani ametoka na mke mwenza mapema hivi, maana amemsikia akikohoa pale kwenye kona ya mibuni. Nikamwambia labda ni tingatinga ya shamba. Akasema amekisikia kikohozi hicho tangu kabla ya mama yangu kuzaliwa, na tingatinga anaijua.

Niligusa mto wangu. Plagi ipo. Ngumu, baridi, ndani ya leso.

Bila shaka ni Kahiga. Nikamchunguza kwa ujanja, nikamuuliza kama amelala vizuri. Akasema hajakanyaga banda lile asubuhi wala hataki, kwa sababu kuna kitu kinakohoa humo. Kisha akasogea karibu na kuniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa, kama ni mimi ninayeiwasha.

Alikuwa anaogopa kweli. Kahiga hajui kuigiza. Hata kanisani akijifanya anaimba, anaonekana.

Alhamisi, 11 Julai

Sayansi imeshinda! Yaani, karibu ishinde.

Jana jioni nilichukua unga wa ngano wa Cucu, ule wa chapati za Jumapili, nikaumwaga sakafuni mwa banda kuizunguka pikipiki yote. Mwenye miguu ataacha alama. Nikaenda kulala kama hakimu.

Asubuhi hakukuwa na alama ya mtu. Kulikuwa na alama za kuku. Zilitoka mlangoni, zikavuka unga, zikaishia kwenye injini. Nikainua gunia. Kuku mwekundu wa Cucu alikuwa amejipachika nyuma ya injini, chini ya kiti, ambapo hakuna aliyewahi kuchungulia, amelalia mayai yake, ananitazama kama nimeingia chooni bila kubisha.

Huyo ndiye mzimu wangu. Vuguvugu lote lile ni la kuku! Kwenye uji niliwaeleza jinsi joto la kiumbe linavyohamia kwenye chuma. Nilieleza vizuri. Kahiga akaacha kutetemeka, akaniuliza kwa nini banda limejaa unga. Cucu aliangalia debe lake la unga, akaniangalia mimi. Akasema, "Kumbe mimi siku hizi ni mwizi." Kisha akamhamisha kuku na mayai yake, akampa katoni jikoni, karibu na moto.

Nikarudi kufagia. Hapo ndipo nilipoiona pedali ya kiki.

Juu ya mpira wake kulikuwa na unga. Ulikuwa umekanyagwa, umebanwa vizuri, na una mistari ya soli. Mistari mipana ya mshazari, kama ya tairi. Guka alikuwa na viatu vya soli ya tairi, alivyoshonewa soko la Ruiru. Sakafuni pote, hakuna kiatu. Kwenye pedali, kiatu.

Viatu hivyo alizikwa navyo. Niliambiwa. Sikuwepo wakati jeneza likifungwa.

Nilifagia haraka. Niliifuta pedali kwa sketi yangu. Kuku hakohoi kwenye kona ya mibuni. Kuku hakanyagi kiki. Chakula cha mchana nilikiangalia tu.

Ijumaa, 12 Julai

Niliamka jua likiwa juu, jambo lisilo kawaida yangu. Nikaenda Thika na kibuyu cha plastiki kutafuta petroli mpya. Na kwa siri, kumhujumu Zaid.

Duka lake liko nyuma ya soko. Nilimkuta anajiandaa kwenda kuswali. Ni mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa na mikono isiyotakata. Nikamweleza kwamba ile pikipiki aliyotumiwa salamu aje kuichukua imekwisha kabisa. Imeliwa na kutu. Fremu imekatika. Kuku wametaga ndani. Hili la mwisho lilikuwa la kweli, nikalisema kwa mkazo.

Zaid alicheka. Akasema mashine kama hiyo ikilala muda mrefu, petroli inageuka gundi na kuziba vitundu vya kabureta, na asubuhi za baridi ndipo inapokuwa mkaidi zaidi. Nimwage ya zamani yote, nisafishe kabureta, niipe kidogo tu na niwe na subira. Kufa haijafa, akasema. Halafu, akiwa anafunga mlango:

"Mwambie mzee nilimwona Jumatano alfajiri. Alinipungia mkono pale kwenye mibuni, mimi nikitoka Ruiru na mzigo. Koti lake lilelile na ile kofia ya masikio. Nikasema, huyu mzee hazeeki."

Nikamuuliza alipunga mkono gani.

"Wa kushoto, dada. Si siku zote anapunga wa kushoto?"

Ndiyo. Siku zote. Wa kulia haukuuachilia usukani kamwe. Nikasema nitamfikishia salamu. Mtu anaelekea msikitini, utamwambia nini?

Njiani nilijipanga upya kichwani. Koti ni la Kahiga sasa. Kofia pia. Basi ni Kahiga. Lakini plagi ninayo mimi. Matatu ilipofika Juja ndipo wazo lingine lilinijia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne: plagi zinauzwa. Dunia imejaa plagi. Kahiga anaweza kununua nyingine wakati wowote. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, niliyechaguliwa chuo kikuu, sikuwa nimeliona hilo.

Nikakimbia kutoka barabarani mpaka bandani, nikichechemea. Kitambaa cha bluu kilikuwa tunduni. Fundo langu. Halijaguswa.

Afadhali ningekuta plagi.

Jumamosi, 13 Julai

Nitaandika kwa utulivu.

Siamini mambo hayo. Lakini msomi hufanya majaribio. Ikiwa mashine ile inamtambua mtu mmoja tu, basi jaribio la haki ni kuipa mtu huyo. Jana jioni nilikuwa nimesafisha kabureta na kutia petroli mpya. Leo alfajiri, Kahiga akikoroma, nilitoa koti la Guka kwenye msumari, nikavaa. Nikavaa na kofia. Nikatia plagi mfukoni mwa koti, tayari kuifunga. Koti lilinifika kwenye vifundo vya miguu na lilinuka ugoro.

Nilijitazama kwenye kioo kilichovunjika cha mlangoni. Ningecheka kama si uso. Nina taya ya Guka. Sikuwahi kujua.

Nikaitoa pikipiki nje kidogo, nisiwashtue wenye kulala. Ukungu ulikuwa mzito. Mti wa mparachichi ulio hatua chache ulikuwa kivuli tu. Nikasimama kando ya pikipiki, mkono kwenye usukani, nikivuta pumzi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Cucu akatoka na kikapu cha kuni. Akasimama.

Sikusogea. Nilitaka kusema ni mimi. Nilifungua kinywa. Lakini alikuwa ameshaanza kuzungumza, si kwa woga, kwa sauti ya mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana.

"Umekuja tena," alisema. "Hiyo kitu mpe yule msichana. Mimi siwezi. Ana jina langu. Nikimpa watasema nimejipa mwenyewe, na huyu mume wangu mdogo atalia mpaka nife. Mpe wewe. Wewe ndiye ulimbeba juu ya tangi."

Machozi yalinijia. Nikatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama Guka. Nikageuka niende, maana ningekaa hapo ningejitoa mwenyewe. Nikapiga hatua kama mbili.

"Lakini jana," Cucu akasema nyuma yangu, "hukuwa unachechemea."

Jana alfajiri nilikuwa nimelala.

Sijui nilirudije. Najua pikipiki niliirudisha bandani, koti nikalitundika, nikajifunika blanketi hadi kichwani. Jaribio halikukamilika.

Jumapili, 14 Julai

Baridi kali. Kahiga alikwenda kanisani amevaa koti la Guka.

Nilikuwa nimeketi nyuma yake wimbo wa pili ulipoanza. Ndipo nikakumbuka plagi iko wapi.

Nikatazama ule mfuko ibada nzima. Sikusikia mahubiri. Nilinyoosha mkono mara moja, wakati wa sala, macho ya wote yakiwa yamefumbwa. Ya Kahiga hayakuwa yamefumbwa. Akanipa sarafu ya sadaka, akidhani nimekosa.

Tuliporudi, pikapu ya Zaid ilikuwa uani, imeegeshwa katikati, ubao mrefu umeshushwa nyuma yake tayari kupandishia mzigo. Zaid akasalimia, akauliza mzee yuko wapi amsalimie. Cucu akamwonyesha Kahiga. "Huyu hapa." Zaid akamtazama Kahiga, kijana wa miaka ishirini na tatu, akiwa ndani ya lile koti. Akatutazama sisi wengine. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukaegemea gari.

Kahiga akaanza. Alipiga kiki mpaka akapiga magoti. Kimya.

Zamu yangu. Nikaikaribia. Nilijua kitambaa kimo tunduni, nilijua plagi imo mfukoni mwa Kahiga, hatua tatu kutoka kwangu, na nilijua kwamba nikisema nipe, nitakuwa nimesema niliiba. Zaid akatazama saa yake. Nikamwomba Kahiga aniazime koti, nasikia baridi. Akasema hata yeye anasikia baridi.

Wakawa wananisubiri. Nikaona vipande. Niliona tangi likining'inia kwenye duka la Thika, limetobolewa.

"Mume wangu," Cucu akasema polepole. "Mimi nasikia baridi."

Kahiga akavua koti mara moja, akamletea. Cucu hakulivaa. Alinivika mimi, akafunga kifungo cha juu, bila kunitazama.

Nikatia mkono mfukoni. Plagi haikuwepo. Kulikuwa na kitambaa cha bluu. Kimekunjwa, pembe kwa pembe, jinsi Guka alivyokunja leso zake, na ile kamba yangu imezungushwa juu yake, fundo likiwa halijafunguliwa.

Nikainama kutazama injini. Plagi ilikuwa mahali pake. Imekazwa.

Nikapanda. Sikufikiri tena. Nikapiga kiki mara moja.

Kikohozi. Kikohozi. Kimya.

Halafu ngurumo.

Ilinipanda kutoka miguuni. Moshi wa bluu ukajaa uani, ukachanganyika na ukungu. Cucu aligeuza uso ukutani. Nami nikasikia, ndani ya ile sauti, kila kitu ambacho sikuambiwa siku ile ya mtihani. Ningekaa hapo mpaka petroli iishe.

Lakini ilibidi niifikishe langoni. Na mimi sijui kuendesha pikipiki. Katika mipango yangu yote ya wiki nzima, jambo hili halikupata nafasi.

Nikabana kitu, nikaachilia kitu. Ikaruka. Ilikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa Zaid, ikaupanda, ikaingia ndani ya pikapu, na ikasimama imegusa kichwa cha gari, nami juu yake, bado inanguruma. Nimempakilia mzigo wake mwenyewe.

Kahiga akaruka kwa furaha. Haijafika langoni! Zaid akaomba msamaha kwa wote, akaingia haraka ndani ya gari lake, akisema yeye haitaki tena, wala bure, anataka tu kutoka hapa. Akaondoa gari. Alikuwa amefika langoni kabla hajakumbuka kwamba mimi na pikipiki tumo nyuma. Akafunga breki.

Cucu aliitazama pikapu, akanitazama mimi niliyekumbatia tangi.

"Imefika langoni," akasema. "Inanguruma."

Kahiga amekula chapati zote. Mimi sikujali.

Jumatatu, 15 Julai

Ni yangu! Nimeamka na furaha, muundi unauma, ukungu palepale.

Kahiga ameniomba, kwa adabu kabisa, nimfundishe kuiwasha, na Jumamosi twende naye Thika pamoja. Nimekubali. Kisha nikafikiri. Leo ataomba kujifunza, kesho atasema ni ya Guka, na Guka ni yeye. Hapana. Nimeiondoa plagi tena. Nimeziba tundu kwa kitambaa kilekile, fundo jipya, gumu zaidi.

Cucu amenipa viazi viwili leo. Akaniuliza mbona nimetoka mapema hivyo, amemsikia mke mwenza akienda. Nikamwambia sijatoka. Akasema basi ni ajabu, kwa sababu kwenda alimsikia, lakini kurudi hajamsikia bado.

Nilikwenda bandani. Iko palepale. Nikagusa injini. Vuguvugu. Kuku yuko jikoni, kwenye katoni, na vifaranga wameanza kutoboa.

Sitaki kukisia. Msomi huchukua hatua. Nimelifunga gurudumu la nyuma kwa mnyororo wa ng'ombe na kufuli kubwa, na sasa hakuna mtu wa duniani wala wa kwingine atakayeitoa bila ruhusa yangu.

Ufunguo na plagi nimeviweka mahali ambapo hakuna atakayefikiria kutafuta. Vimo kwenye mfuko wa koti la Guka.